Kompyuta ya Linux Inakubali Nywila Kisha Inakurudisha Mlangoni: Soma Hapa Kabla ya Kuifuta

Unawasha kompyuta. Unaandika nywila. Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili tatu, halafu unaulizwa nywila tena. Unaandika upya, polepole, herufi kwa herufi, na mambo ni yale yale. Mashine haisemi kwamba umekosea nywila. Inakukaribisha, kisha inakutoa nje.

Hali hii huwakuta wenye steshenari, walimu wanaotunza alama za wanafunzi na makarani wa mazao wanaoweka hesabu za magunia kwenye kompyuta zinazotumia Linux. Mara nyingi ushauri wa kwanza wanaopewa ni mmoja: "Ipigwe Windows upya." Wakikubali, kila kilichokuwemo kinaweza kupotea, wakati huenda tatizo lilikuwa mstari mmoja wa maandishi uliokosewa.

Katika makala haya tunaeleza mstari huo unakaa wapi, unaharibikaje na unarekebishwaje. Tumeandika kwa kujua kwamba kompyuta yako haifunguki na unachosomea ni simu. Kwa hiyo amri zote ni fupi, na kila moja iko kwenye mstari wake ili uinakili kwa vidole bila kuchanganyikiwa.

Jambo moja la kukumbuka kabla ya yote: kompyuta ikikurudisha mlangoni, kazi zako kwa kawaida bado zimo ndani. Usiruhusu ifutwe kabla ya kupima.

KWA NINI LINUX IKO KWETU

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Hailipiwi, na yeyote anaruhusiwa kuisambaza na kuibadilisha. Simu ya Android uliyoshika nayo imejengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux. Ubuntu, ambayo ni moja ya aina zake zinazojulikana sana, ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kibantu ambalo sisi tunalitamka "utu". Linux Mint, inayopendwa kwenye mashine za zamani, imejengwa juu ya Ubuntu.

Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili.

Siku hizi kuna sababu nyingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuitunza Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Wenye mashine hizo wanashauriwa kuweka Linux, na mashine inaendelea kufanya kazi. Shida ni kwamba fundi anayejua Windows si lazima ajue Linux, na kutoka Mkoka au Zoissa kumfuata mwingine Dodoma mjini ni nauli na siku nzima. Ndiyo maana inafaa mwenye kompyuta mwenyewe ajue hatua za mwanzo.

KIGEU CHA MAZINGIRA NI NINI

Mtoto anapotumwa dukani hupewa maelezo: duka la nani, alete nini, chenji airudishe kwa nani. Bila maelezo hayo atafika njia panda asimame. Programu za kompyuta nazo ziko hivyo. Kabla ya kuanza kazi hupewa orodha ndogo ya maelezo: mtumiaji ni nani, folda yake iko wapi, lugha yake ni ipi, programu nyingine zitafutwe wapi.

Kila maelezo yana jina na thamani, na katikati kuna alama ya sawasawa. Kwa mfano:

HOME=/home/steshenari

Hapo jina ni HOME, na thamani yake ni /home/steshenari. Kwa kuwa thamani inaweza kugeuka, tunakiita kigeu. Na kwa kuwa orodha nzima huizunguka programu inapofanya kazi, huitwa vigeu vya mazingira. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko Linux yenyewe: uliingia katika mfumo wa Unix mwaka 1979.

Kuna kanuni moja inayoeleza nusu ya matatizo yote. Mtoto hurithi kwa mzazi, mzazi harithi kwa mtoto. Unapoandika nywila, kompyuta huanzisha kikao chako, yaani ile hali ya kuwa umeingia na unaona madirisha na aikoni zako. Kikao hicho ndicho mzazi. Kila programu utakayofungua ni mtoto wake na hurithi vigeu vyake. Kikao kikianza na vigeu vibovu, watoto wote wanarithi ubovu. Na mtoto akibadilisha kigeu chake, mzazi na ndugu zake hawapati habari.

MAJINA UTAKAYOKUTANA NAYO

HOME ni folda yako. Ndani yake ndimo zilimo kazi zako. Katika amri, alama ya ~ ina maana hiyo hiyo.

PATH ni orodha ya folda ambamo kompyuta itatafuta programu, zikitenganishwa kwa nukta mbili. Ni kama mgeni aliyefika Kongwa kumtafuta mtu, akaambiwa aulize Mlali, kisha Pandambili, kisha Hogoro. Atauliza huko tu, kwa mpangilio huo. Mtu wake akiwa Sagara, hatampata, hata kama yupo na anamsubiri. PATH ikiharibika, kompyuta itasema programu haipo wakati ipo.

LANG ni lugha na nchi. Kwa Kiswahili cha Tanzania ni sw_TZ, na kwa cha Kenya ni sw_KE.

TZ ni majira ya saa. Usidhani ni Tanzania. Herufi zimefanana tu.

DISPLAY, WAYLAND_DISPLAY, XDG_RUNTIME_DIR na DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS huwekwa na mfumo wenyewe kila unapoingia. Hivi vinne usiviandike kwa mkono kwenye faili lolote. Ukikuta mtu aliviandika kwa kufuata maelekezo fulani, hapo pana pa kuanzia.

VIGEU VINAANDIKWA WAPI

Faili la /etc/environment ni la kompyuta nzima. Likiharibika, kila mtumiaji anaathirika.

Faili la /etc/default/locale linatunza lugha ya kompyuta nzima katika Ubuntu, Mint na Debian.

Faili la ~/.profile ni la mtumiaji mmoja, na husomwa anapoingia. Jina lake linaanza na nukta, ndiyo maana halionekani ukifungua folda kwa kawaida.

Faili la ~/.bashrc husomwa na terminali, yaani lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kigeu ulichokiweka humo terminali itakijua, lakini programu unayoifungua kwa kubofya aikoni kwa kawaida haitakijua.

Faili la ~/.xsessionrc husomwa wakati wa kuingia kwenye baadhi ya vikao vya Ubuntu, Mint na Debian. Mara nyingi halipo kabisa, na si kosa lisipokuwepo.

UKIRUDISHWA MLANGONI: HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Ingia kwa mlango wa nyuma.

Ukiwa kwenye skrini ya nywila, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu itabidi ubonyeze na Fn. Itatokea skrini nyeusi yenye maandishi matupu inayokuomba jina la mtumiaji, kisha nywila. Unapoandika nywila hapo hutaona hata nyota, usishtuke, inaandikika. Kurudi kwenye skrini ya kawaida, jaribu Ctrl, Alt na F1, F2 au F7, kwa kuwa mashine hutofautiana.

Ukiingia hapa, umeshajua jambo kubwa: nywila ni sahihi na mfumo uko hai. Kinacholeta shida ni kikao cha madirisha peke yake.

Hatua ya 2: Pima kama PATH ni nzima.

Andika:

ls

Yakitoka majina ya mafaili yako, PATH iko sawa. Nenda hatua ya 3. Yakitoka maneno "command not found", PATH imeharibika. Iponye kwa muda kwa kuandika:

export PATH=/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin

Dawa hii hudumu hadi utakapotoka. Sasa fungua faili linaloshukiwa kwanza:

sudo nano /etc/environment

Sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi, na utaulizwa nywila yako. Nano ni programu ya kuhariri maandishi. Tafuta mstari unaoanza na PATH. Ukikuta ndani yake kuna neno $PATH, umempata mkosaji. Sababu tunaieleza hapa chini. Andika upya mstari huo uwe hivi:

PATH="/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin"

Hifadhi kwa Ctrl na O, bonyeza Enter, kisha toka kwa Ctrl na X. Mstari wa PATH ukiwa mzima kwenye faili hili, mkosaji yuko kwenye faili lako mwenyewe, endelea.

Hatua ya 3: Pima kama diski imejaa.

df -h

Angalia safu ya asilimia. Kama mstari unaoishia na / au /home umefika 100%, kikao hakina pa kuandika mafaili yake ya kuanzia, na kitakutoa nje hata vigeu vyote vikiwa sawa. Punguza mizigo: hamisha au futa mafaili makubwa usiyoyahitaji, kisha futa vifurushi vya programu vilivyokwisha kutumika:

sudo apt clean

Hatua ya 4: Jaribu kwa mtumiaji mwingine.

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote. Tengeneza mtumiaji mpya:

sudo adduser jaribio

Mpe nywila, kisha rudi kwenye skrini ya kawaida na uingie kwa jina hilo la jaribio.

Akiingia vizuri, kompyuta ni nzima na tatizo liko ndani ya folda ya mtumiaji wa kwanza. Nenda hatua ya 5. Naye akirudishwa, tatizo ni la kompyuta nzima: chunguza tena /etc/environment, /etc/default/locale na diski. Vyote hivyo vikiwa sawa, kosa liko kwenye programu za madirisha zenyewe, na hapo inafaa kumwita anayejua.

Hatua ya 5: Pima faili la .profile.

Rudi kwenye skrini ya maandishi, ingia kwa mtumiaji wa kwanza, kisha andika amri hii kwa uangalifu, ukianza na sh na kufungua alama moja ya mkato:

sh -c '. ~/.profile; echo salama'

Amri hiyo inaisoma .profile kisha inaandika neno "salama". Likitokea neno "salama" peke yake, faili halikwami. Yakitokea malalamiko, yatataja namba ya mstari wenye kosa. Isipotokea kitu chochote, ndani ya faili kuna amri inayofunga kikao kabla hakijaanza, mara nyingi neno exit.

Usilifute faili hilo. Liweke kando na ulete jipya la kiwandani:

mv ~/.profile ~/.profile.bovu

cp /etc/skel/.profile ~/

Sasa jaribu kuingia kwa kawaida. Ukiingia, fungua lile bovu kwa nafasi yako, usome ulichokuwa umeongeza. Kama kuna ~/.xsessionrc au ~/.bash_profile, ziweke kando kwa njia hiyo hiyo na ujaribu tena.

Hatua ya 6: Soma kompyuta inavyojieleza.

Kama bado, angalia kumbukumbu za makosa. Kwenye Mint na mashine nyingine za aina hiyo:

tail ~/.xsession-errors

Kwenye Ubuntu yenye skrini ya kawaida ya GNOME:

journalctl -b -p err

Piga picha skrini kwa simu. Hata kama maneno hayo huyaelewi, anayejua Linux akitumiwa picha hiyo atapata pa kuanzia bila kuiona kompyuta.

IKIWA HATA MLANGO WA NYUMA UMEFUNGWA

Neno exit likiwa ndani ya .profile linaweza kukutoa hata kwenye skrini ya maandishi. Hapo tumia hali ya uokoaji. Zima kompyuta na uiwashe. Kwenye mashine za zamani shikilia Shift inapoanza. Kwenye za karibuni bonyeza Esc mara moja moja. Itatokea orodha. Chagua Advanced options, kisha mstari wenye maneno recovery mode, kisha root. Katika skrini itakayofuata andika:

mount -o remount,rw /

mount -a

Amri hizo zinafungua diski ili iandikike. Kisha weka kando faili bovu, ukiandika jina la mtumiaji wako mahali pa steshenari:

cd /home/steshenari

mv .profile .profile.bovu

reboot

Humo una mamlaka yote, kwa hiyo andika kilichotajwa tu, na usome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

La kwanza ni $PATH ndani ya /etc/environment. Maelekezo mengi husema: ongeza folda mpya kwa kuandika PATH="$PATH:/opt/programu". Ndani ya .profile hilo ni sahihi, kwa sababu .profile inasomwa na programu inayojua kwamba $PATH maana yake ni "ile orodha ya zamani". Lakini /etc/environment si orodha ya amri. Inasomwa herufi kwa herufi. Kompyuta inachukua neno $PATH kama jina la folda, inalitafuta, hailioni, na orodha ya kweli inakuwa imepotea.

La pili ni nafasi pembeni ya alama ya sawasawa. Katika .profile, ukiandika LANG = sw_TZ kompyuta inadhani LANG ni amri. Andika LANG=sw_TZ bila nafasi.

La tatu ni alama za kufungia maneno zilizopinda. Mtu anakutumia amri kwa WhatsApp au kwenye waraka, na programu ya kuandikia inazigeuza alama zilizonyooka kuwa zilizopinda, zile za vitabuni. Kwa macho zinakaribia kufanana. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Ukinakili amri, futa alama hizo na uzichape upya kwa kibodi.

La nne ni faili lililohaririwa kwenye Windows. Windows huweka alama ya ziada isiyoonekana mwisho wa kila mstari. Ili kuiona, andika:

cat -A ~/.profile

Mistari ikiishia na ^M$ badala ya $ peke yake, safisha kwa amri hii:

sed -i 's/\r$//' ~/.profile

La tano ni kuweka kigeu cha LD_LIBRARY_PATH kwa ajili ya programu moja, labda ya printa au ya kifaa fulani. Kigeu hiki huelekeza programu zote za kikao mahali pa kuchukua vipande wanavyotumia kwa pamoja. Programu moja inafaidika, nyingine zinaanguka, na skrini yako inaweza kuwa mojawapo.

UMEINGIA, LAKINI KUNA KITU HAKIKO SAWA

Programu inafunguka kwenye terminali tu. Ukiandika jina lake kwenye terminali inakuja, ukibofya aikoni haiji. Bila shaka kigeu chake umekiweka .bashrc. Kihamishie .profile, kisha utoke na kuingia upya. Kumbuka habari ya mzazi na mtoto: kikao kilichokwisha kuanza hakiwezi kurithi ulichoandika baadaye.

Umeweka Kiswahili, sasa terminali haifunguki au herufi zinatoka vibaya. Umetaja lugha ambayo haijaandaliwa ndani ya kompyuta. Terminali ya GNOME hukataa kabisa kufunguka katika hali hiyo. Nenda skrini ya maandishi na uangalie kama Kiswahili kimo:

locale -a | grep sw

Isipotokea kitu, kwenye Ubuntu na Mint kiandae:

sudo locale-gen sw_TZ

Kwenye Debian tumia sudo dpkg-reconfigure locales na uchague kwenye orodha. Kisha rudia amri ya kwanza, na jina litakalotokea ndilo uliandike, bila kuongeza wala kupunguza herufi:

sudo update-locale LANG=sw_TZ

Kiswahili kikikataa kuonekana hata baada ya hapo, angalia kama kuna vigeu vya LANGUAGE au LC_ALL, kwa sababu hivyo vina nguvu kuliko LANG:

printenv LANGUAGE LC_ALL

Programu ambazo hazijatafsiriwa zitabaki Kiingereza. Hilo si kosa la mipangilio yako.

Saa iko nyuma kwa saa tatu. Ni saa nne asubuhi, kompyuta inasema 07:00, yaani saa moja. Huenda mtu aliandika TZ=Tanzania. Kompyuta hailijui jina hilo, hivyo inarudi kwenye saa ya dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Futa mstari huo wa TZ, kisha andika:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Usilidharau. Barua pepe na mafaili yatabeba saa isiyo yake, na siku ya mabishano kuhusu hesabu ilitumwa lini, saa hiyo ndiyo itakayosomwa.

KOSA LINALOFANANA LAKINI SI KIGEU

Kuna faili dogo liitwalo ~/.Xauthority, ambalo ni kama ufunguo wa skrini katika vikao vya aina ya zamani. Mtu akifungua programu ya madirisha kwa kutumia sudo, ufunguo huo unaweza kubadilika umiliki ukawa wa msimamizi mkuu, root. Wewe mwenye nyumba unanyimwa kuingia. Angalia:

ls -l ~/.Xauthority

Ukiona neno root mahali pa jina lako, rudisha umiliki:

sudo chown $USER: ~/.Xauthority

Dalili ni ile ile ya kurudishwa mlangoni, na sababu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana tunasisitiza kupima kabla ya kutibu.

KUBADILISHA BILA KUJIFUNGIA NJE

Hapa Kongwa tunaishi juu ya ardhi ambayo Waingereza walianza kuilima karanga kwa matrekta mwaka 1947, wakafyeka maeneo makubwa kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua zake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Kipande kidogo cha majaribio kingewaambia mengi kwa gharama ndogo. Na wewe anza na kipande kidogo.

Kabla ya kugusa faili, nakili: cp ~/.profile ~/.profile.akiba. Jaribu kigeu kipya kwenye terminali kwanza kwa neno export. Kikileta shida, funga dirisha na shida imeisha. Kikifanya kazi, kiandike .profile ya mtumiaji mmoja, si /etc/environment ya wote. Badilisha jambo moja kwa wakati. Kabla ya kutoka, pima kwa ile amri ya "salama". Na yule mtumiaji wa jaribio usimfute. Mwache awe ufunguo wako wa akiba.

UKIAMUA KUMPELEKEA FUNDI

Si kila mtu ana muda wa kuchapa amri huku wateja wamepanga foleni. Kumpelekea fundi ni sawa, ila nenda ukiwa na maneno manne.

Mwambie: nywila inakubalika, kikao ndicho hakianzi. Mwulize: umeshajaribu kwa mtumiaji mwingine? Mwonyeshe zile picha ulizopiga. Na la nne, ambalo halina mjadala: akisema lazima afute, mwombe kwanza anakili folda yote ya /home kwenye diski ya nje au flashi, na ufungue mafaili machache mbele yake uone kama yanasomeka. Kazi hiyo inawezekana hata kama kompyuta haifunguki, kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi yenye Linux. Fundi akikataa au akisema haiwezekani, chukua kompyuta yako umtafute mwingine.

Mashine inanunulika tena. Alama za mihula mitatu, madaftari ya wakopaji na hesabu za msimu mzima wa mahindi wa Kibaigwa hazinunuliki popote. Zikishafutwa, hakuna amri tutakayokuandikia hapa ya kuzirudisha kwa uhakika. Kwa hiyo hifadhi makala haya kwenye simu yako, na siku kompyuta yako au ya jirani ikigoma, anza na Ctrl, Alt na F3.